Kwa Nini Gari Hujikaza Lipigapo Kona: Somo la Fizikia na Hesabu Uwanjani

Mwalimu wa fizikia hutakiwa achague mifano iliyo karibu na maisha ya wanafunzi wake. Kwa mwalimu wa Morogoro mfano mmoja mzuri hupita barabarani kila siku. Magari ya namna ya Land Rover na Land Cruiser hupanda Milima ya Uluguru kwenda Mgeta na Kinole. Wakati wa masika, njia za udongo zinapoteleza, dereva huunganisha magurudumu yote manne na injini, wenyewe huita "kutia fowili." Arudipo kwenye lami kavu hutakiwa aitoe.

Madereva wengi wanaijua amri hiyo. Sababu yake wanaijua wachache. Asiyeijua hukosea kwa namna mbili. Ama huiacha fowili hata kwenye lami, akaliharibu gari. Ama, kwa kusikia kwamba huvunja gea, huogopa kuitia hata kwenye tope la mlimani, ambako uhai wa abiria waweza kuitegemea. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuifundisha sababu hiyo pasipo gari wala maabara.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wanne washikane mikono katika mstari na wageuke kama askari wa gwaride. Wataona kwamba wa ndani hukanyaga karibu papo hapo, na wa nje huenda mbali. Hali kadhalika gurudumu la nje la gari husafiri zaidi ya la ndani. Kwa ajili hiyo kila ekseli inayoendeshwa na injini huwekewa difu, yaani mkusanyiko wa gea unaoruhusu gurudumu moja lizunguke upesi kuliko mwenzake.

Hatua ya pili. Mwalimu achomeke kijiti uwanjani, kisha kwa kamba achore maduara mawili yenye kitovu kimoja: la nusu kipenyo cha mita 6, na la mita 6.5. Ufito wa mita 2.5 uwe ndio gari. Mwanafunzi wa nyuma asimame juu ya duara dogo, na wa mbele juu ya duara kubwa. Kamba na ufito vitakutana kwa pembe mraba miguuni pa yule wa nyuma, na kanuni ya Pythagoras itathibitisha vipimo hivyo. Darasa litaona kwa macho kwamba magurudumu ya mbele hayafuati njia ya yale ya nyuma.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wakokotoe mizingo. Wa nyuma hutembea mita 37.7, na wa mbele mita 40.8, tofauti ni kama mita 3.1. Ikiwa mzingo wa tairi ni mita 2.2, magurudumu ya mbele yahitaji kuzunguka karibu mara moja na nusu zaidi katika duara moja.

Hatua ya nne. Mwalimu ahesabu "moja, mbili," na wote wawili wapige hatua zenye urefu uleule. Punde wa nyuma atamsukuma mwenzake kwa ufito. Hapo ndipo penye kiini cha somo: fowili ya namna hii huzilazimisha ekseli mbili kuzunguka kwa kasi moja, hali njia zao si sawa. Kwenye tope tairi huteleza kidogo, na mkazo ukapungua. Kwenye lami kavu tairi hushika. Mkazo hubaki katika shafti na gea, usukani huwa mzito, tairi husagika, na mkono wa fowili hukataa kutoka. Dereva akirudi nyuma polepole kwa njia aliyojia, mara nyingi mkazo hulegea na mkono hutoka.

Mwanafunzi hodari atauliza kwa nini magari mengine hukaa katika fowili daima bila madhara. Ajibiwe kwamba hayo, kama Range Rover ya mwaka 1970 na Land Rover 110 ya mwaka 1983, yana difu ya tatu kati ya ekseli mbili. Hata hivyo, dereva akiifunga difu hiyo, mkazo hurudi.

Mwishoni yafaa mwalimu asiulize, "Fowili hutolewa lini?" Jibu la swali hilo laweza kukaririwa. Aulize hivi: "Gari limetiwa fowili na linakwenda moja kwa moja kwenye lami, lakini tairi za mbele ni ndogo kuliko za nyuma. Je, litajikaza?" Atakayejibu kwamba litajikaza, na akaeleza kuwa mizingo ya tairi haiko sawa, ameelewa sababu yenyewe. Huyo hata akikutana na gari asilolijua ataweza kuamua mwenyewe, iwe kwenye tope la Mgeta au kwenye lami ya mjini.