Somo juu ya neno «kuomba»



Wakristu wapenzi, leo tunafafanua neno tulitamkalo kila siku: kuomba.

Neno hili si geni. Waluba husema kulomba, Wabemba husema ukulomba. Shina ni lile lile la wazee wetu. Kusali ndilo neno lililotoka katika lugha ya Kiarabu.

Kuomba si kudai. Mwenye kudai amekopesha, naye ana haki ya kulipwa. Mwenye kuomba hunyosha mikono mitupu, akingoja huruma. Ndivyo alivyofanya Bartimayo, kipofu wa Yeriko. Alikaa kando ya njia akipaza sauti. Watu walimkemea, wala hakunyamaza. Kumbe, mnyenyekevu haoni haya kurudia ombi lake.

Tena liko neno kuombea, yaani kuomba kwa ajili ya mwingine. Ndiyo maana twamwambia Bikira Maria: utuombee.

Lakini mmoja atasema: «Nilimwombea mtoto wangu mgonjwa, naye akafa. Sitaomba tena.» Ndugu, tunalia pamoja nawe. Tukumbuke usiku ule wa Getsemani. Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondolewa. Hata hivyo alijiweka katika mapenzi ya Baba, na siku ya tatu Baba akamfufua.

Swali: Kuomba kwa unyenyekevu ni nini?

Jibu: Ni kumweleza Mungu haja zetu bila kumwamuru, na kudumu katika kuomba hata tusipopewa tulichotaka.