Kijito cha Quaggy na Njia Yake

Mtu asikiapo habari za maji ya London, fikira zake huenda moja kwa moja kwenye Thames, mto mkuu upitao katikati ya mji. Lakini iko mito midogo iingiayo humo, na kimojawapo ni kijito cha Quaggy, chenye urefu wa maili 10 hivi tu. Chatoka upande wa Bromley, kusini-mashariki, na hapo Lewisham huungana na mto Ravensbourne, na maji yao huenda pamoja mpaka Thames.

Hapo kale kijito hiki kilikwenda kikipindapinda kati ya malisho. Mvua zikizidi, maji yalitanda juu ya majani, kisha yakarudi polepole, wala hapakuwa na hasara kubwa. Mji ulipokua, nyumba zikajengwa mpaka ukingoni. Basi watu wakakinyosha kijito, wakakijengea kuta za saruji, na mahali pengine wakakifunika kabisa chini ya ardhi. Katika bustani ya Sutcliffe, iliyofunguliwa mwaka 1937, mtoto aliweza kucheza mpira asijue kuwa mto unapita chini ya miguu yake.

Nia ilikuwa njema, yaani maji yaondoke upesi. Lakini maji yaondokayo upesi kwa mtu wa juu humfikia upesi mtu wa chini, tena yote kwa mara moja. Mwezi wa Septemba 1968 mvua kubwa ilinyesha, na maji yakaingia katika nyumba na maduka ya Lewisham.

Dawa iliyofikiriwa baadaye ilikuwa ile ile: kuupanua mfereji. Wenyeji hawakuridhika. Mwaka 1990 wakaunda chama cha kukitetea kijito, wakasema afadhali maji yapewe mahali pa kungojea huko juu, kabla hayajafika majumbani. Ilichukua miaka mingi, lakini shauri lao lilishinda.

Kazi ya Sutcliffe ilimalizika mwaka 2004. Ardhi ya bustani ilichimbwa ikawa bonde pana kama sinia, na kijito kikatolewa gizani kikapewa tena njia ya kupindapinda. Siku za kawaida hupita humo kwa utulivu. Mvua kubwa ikija, maji huachiliwa kwenda chini kwa kiasi tu, na yazidiyo hutanda bondeni mpaka hatari ipite. Bonde hilo laweza kushika meta za ujazo 85,000. Ukipima kwa madebe, ni zaidi ya milioni 4. Kweli, uwanja mkavu umepungua, na mpenda mpira aweza kunung'unika. Lakini penye nyasi tupu sasa pana matete, ndege na kereng'ende.

Toka hapo kwenda Lewisham, sehemu kubwa ya kijito ingali imebanwa na kuta za saruji, kwa kuwa nyumba zimesongamana na nafasi ya kukirudishia mapindi yake ni haba.