Bwawa la samaki nyuma ya nyumba: Hesabu ndoo za maji kabla ya kushika sururu

MKULIMA wa Itiryo anayetaka kula sato hana budi kusubiri samaki apande mlima. Tangu mwaka 2007, Rorya ilipomegwa kutoka Tarime na kuwa wilaya inayojitegemea, ufukwe wote wa Ziwa Victoria uliokuwa wa Tarime ulibaki upande wa pili. Samaki hutoka Shirati au Musoma, hupita mikononi mwa wachuuzi wawili watatu, na kila mkono huacha alama yake kwenye bei. Anapofika kata zilizo karibu na mpaka wa Kenya, mara nyingi ni dagaa mkavu au sangara aliyekaushwa.

Ndiyo maana wazo la kuchimba bwawa nyuma ya nyumba lina mvuto katika nyanda hizi za juu. Ng'ombe wapo na samadi haina mnunuzi. Udongo wa mabondeni unanata. Pumba za mahindi zipo jikoni. Wala Tarime, wilaya yenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, haina uhaba wa vijana wanaojua kushika sururu. Kwa mtazamo wa haraka kinachokosekana ni maji na vifaranga tu.

Lakini mabwawa mengi madogo hufia hapo kwenye maji. Wengi huuliza kwanza bei ya vifaranga, kisha bei ya nailoni ya kutandika chini. Swali la kwanza lingepaswa kuwa jingine: maji yatafikaje bwawani, na nani atayaleta?

Chukulia bwawa la mita 10 kwa 6, yaani mita za mraba 60, ambalo linaenea katika viwanja vingi vya vijijini. Likiwa na kina cha sentimita 60 upande wa kuingizia maji na mita 1 upande wa kutolea, na kuta zikiwa za kulala, linabeba zaidi ya lita 30,000. Hizo ni ndoo 1,500 za lita 20. Likishajaa, jua na upepo huchukua milimita nne hadi tano kwa siku, sawa na ndoo 12 hadi 15, kila siku ya kiangazi. Hapo hayajahesabiwa yanayonywewa na udongo, ambao hata ukiwa mzuri hunywa kiasi chake.

Ndoo hizo zikitoka kisimani, zitabebwa kichwani na mama na watoto wa kike. Hakuna daftari la mapato na matumizi linaloziandika, ndiyo maana wanaume wengi huona bwawa lao lina faida. Familia ambayo haina maji yanayotiririka yenyewe, kwa mfereji, kwa chemchemi au kwa bwawa kuchimbwa bondeni ambako maji ya ardhini yako juu, ni heri fedha yake iende kwenye kuku.

Paa la bati nalo halijazi bwawa. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 hutoa kama lita 700. Ingehitajika mvua ya namna hiyo mara 40 na zaidi. Maji ya paa yanafaa kuongezea, si kuanzia.

Anayetegemea kijito ana jambo jingine la kuangalia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kuchepusha maji ya mto nako kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Ni vema kumwona ofisa mtendaji wa kijiji na ofisa uvuvi wa halmashauri kabla jembe halijagusa ardhi, maana kufukia bwawa lililokwisha kuchimbwa ni kazi ngumu kuliko kulichimba.

Udongo kwanza, nailoni baadaye

Maji yakishapatikana, linafuata suala la kuyazuia yasipotee. Nailoni nzito ya kutandika bwawa hufanya kazi hiyo, lakini kwa mwenye mtaji mdogo inaweza kuwa ghali kuliko gharama nyingine zote zikijumlishwa. Turubai jepesi linalouzwa gulioni ni rahisi, ila jua hulipasua na panya hulitoboa. Mwenye udongo wa mfinyanzi hahitaji lolote kati ya hayo mawili.

Kupima udongo hakugharimu kitu. Mkulima huchukua gao la udongo kutoka kina cha goti, akalilowesha kidogo na kulifinyanga liwe donge. Hulirusha juu na kulidaka. Likisambaratika, mchanga ni mwingi. Likibaki zima, huingia hatua ya pili: huchimba shimo linalofika kiunoni pale pale bwawa litakapokaa, akalijaza maji asubuhi. Jioni maji yatakuwa yameshuka, na hilo si la kutisha, kwa kuwa kuta kavu zimekunywa. Hulijaza tena na kulifunika kwa majani ya mgomba. Kesho yake asubuhi, sehemu kubwa ya maji ikiwa bado ipo, pahali hapo panafaa. Shimo likiwa tupu, ahamie kwingine. Amepoteza siku mbili na jasho kidogo, si msimu mzima.

Udongo ukiwa wa wastani, ng'ombe wana kazi. Chini ya bwawa humwagwa samadi mbichi, juu yake hutandikwa majani ya mgomba, kisha tabaka la udongo, na vyote hulowanishwa na kukanyagwa mpaka vishikane. Tabaka hilo lisipoachwa likauke huziba vinyweleo vya udongo kwa kiasi kikubwa. Halitaponya kichanga kitupu, na anayemwambia mkulima vinginevyo anataka kumuuzia kitu.

Muda mzuri wa kuchimba ni kiangazi cha Juni hadi Septemba, ili mvua za vuli zikute bwawa tayari. Udongo wa juu wenye mizizi na majani huwekwa kando, kwani ukiingia kwenye tuta utaoza na kuacha njia za maji. Udongo unaonata ndio hujenga tuta, kwa matabaka ya unene wa kiganja, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Huu ndio uchumi wa kuchimba: nusu ya kina hupatikana kwa kwenda chini, nusu kwa tuta kupanda. Kwa hiyo bwawa la kina cha mita 1 halidai shimo la mita 1. Kuta za ndani zilale, futi moja na nusu kwa kila futi moja ya kina, la sivyo masika ya kwanza itaziangusha.

Kwa bwawa la mfano huu, udongo wa kuhamisha ni kama mita za ujazo 20. Mtu mmoja mwenye nguvu, akichimba, kubeba na kushindilia, atachukua wiki mbili na siku kadhaa. Familia yenye watu watatu humaliza kwa wiki moja.

Makosa ya maji baridi

Wapo wanaoamini kuwa maji yanayopita bwawani mchana na usiku ni mazuri kwa samaki. Kwa sato wa nyanda za juu hilo ni kosa kubwa. Sato hukua vema maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Chini ya nyuzi 20 hupoteza hamu ya kula. Maji ya kijito yanayoingia na kutoka bila kukoma hupoza bwawa na kusafirisha mbolea yote kwa jirani wa chini. Mfereji ufunguliwe kufidia kilichopungua, kisha ufungwe. Kwa sababu hiyo hiyo bwawa likae mahali peupe penye jua, mbali na kivuli cha mikaratusi.

Mbolea ndiyo chakula cha kwanza. Kilo 5 hadi 6 za samadi ya ng'ombe kwa wiki, ndani ya kizizi cha fito kwenye kona, hutosha mita za mraba 60. Maji yakigeuka kijani, mkulima hutumbukiza mkono. Vidole vikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, hali ni nzuri. Vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, asitishe samadi. Samaki wakionekana alfajiri wakihema juu ya maji, hewa imewapungukia: hakuna mbolea wala chakula siku hiyo, na maji mapya yaingizwe.

Vifaranga ni wawili kwa kila mita ya mraba, yaani 120. Kishawishi cha kuweka 300 ni kikubwa na matokeo yake ni samaki wa ukubwa wa kidole. Hata hao 120 wanaweza kuleta msongamano, maana sato huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu au minne tu. Bwawa likijaa vitoto, chakula kinaliwa na wasiouzika. Wenye uwezo hununua vifaranga madume watupu. Wengine huweka kambale wadogo watano au sita baada ya miezi miwili, sato wakiwa wameshakua kiasi cha kutomezeka, ili kambale wapunguze vitoto.

Kuhusu mahali pa kupata vifaranga na ushauri, mtu wa Tarime hana haja ya kufunga safari ya mbali. Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) ina kampasi Gabimori, wilayani Rorya, na nyingine Nyegezi, Mwanza.

Hesabu yenyewe

Bei hubadilika kutoka gulio hadi gulio, kwa hiyo tarakimu zifuatazo ni za mfano tu na kila mmoja aweke za kwake. Vifaranga 120 kwa shilingi 250 ni 30,000. Usafiri wao, 20,000. Mabomba ya plastiki ya kuingizia na kutolea maji, 40,000. Chujio na kamba, 10,000. Pumba kama kilo 63 kwa miezi saba, kwa shilingi 300, ni karibu 19,000. Jumla ni shilingi 119,000.

Mavuno je? Kati ya vifaranga 120, wakifika 96 si haba. Wakiwa na wastani wa gramu 170, ni kilo 16 na ushee. Kwa shilingi 8,000 kwa kilo, kilo 16 ni shilingi 128,000. Kilichobaki ni 9,000, na hapo vibarua hawajalipwa. Anayelipa siku 15 za kuchimba kwa shilingi 8,000 ameongeza 120,000 na kuingia hasara ya 111,000 katika msimu wa kwanza.

Msimu wa pili picha hubadilika. Bwawa lipo, mabomba yapo. Vifaranga, usafiri na pumba ni 69,000, na masalio ni 59,000. Majirani watano wakichukua vifaranga kwa safari moja, usafiri hushuka hadi 4,000 kwa kila mmoja na masalio hupanda hadi 75,000. Si fedha ya kuezekea nyumba. Ni daftari za watoto na kitoweo kisichopitia kwa mchuuzi, kwa familia iliyochimba kwa mikono yake na yenye maji yasiyobebwa kichwani.

Majirani wa ng'ambo ya mpaka walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Katika mwaka wa fedha 2009/2010 serikali ya Kenya ilianza kugharimia mabwawa ya mita za mraba 300, yakipangwa 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140. Vifaranga na chakula cha kuanzia vilitolewa. Msaada ulipokwisha, mabwawa mengi yaliachwa yakaota nyasi, kwani wenye nayo hawakuwa na njia ya kununua chakula wala mahali karibu pa kupata vifaranga bora. Waliodumu ni wale waliokuwa na sababu yao wenyewe ya kuchimba.

Yapo mengine madogo yenye uzito. Uzio wa miti na lango linalofungwa si wa hiari panapokuwa na watoto. Bwawa la mita 1 linamtosha mtoto wa miaka mitatu kuzama. Nyasi za kingoni zifyekwe, kwa kuwa mbu huzaliana humo ambako samaki hawafiki. Kenge na ndege wala samaki hupungua pakiwa peupe. Kwa mwizi wa miguu miwili, matawi ya miiba yakitupwa chini ya maji hunasa nyavu zake.

Siku ya kuvuna, maji ya bwawa hayamwagwi ovyo. Yana mbolea, na sukuma wiki na vitunguu vikipandwa chini ya bomba la kutolea huyapokea vizuri. Bwawa huachwa wazi wiki mbili lipasuke kwa jua, nyufa zizibwe na tuta lirekebishwe. Tope jeusi lililobaki chini, kiasi cha matoroli kadhaa, hupelekwa kwenye migomba.