Jumba la Kale Chini ya Vilima vya Ngong

Mkazi wa Tena apendaye kuona jumba la kale la wenye mashamba makubwa hana haja ya kusafiri mpaka Ulaya. Hupanda basi mpaka mjini, kisha jingine la kwenda Karen, na huko atalikuta jumba la mawe lenye paa la vigae, lililojengwa mwaka 1912 na Mswidi aitwaye Åke Sjögren. Bibi Karen Blixen wa Denmark alilihamia pamoja na mumewe mwaka 1917. Kenya ilipopata uhuru, Serikali ya Denmark ililitoa zawadi kwa Serikali ya Kenya, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho.

Mgeni hutembezwa vyumbani akaona samani na vitabu, lakini mkulima asiishie humo. Atoke bustanini, atazame Vilima vya Ngong, kisha azikague mashine kuukuu za kahawa. Shamba lilikuwa na ekari 6,000, na ekari 600 kati ya hizo zilipandwa kahawa. Kumbe mahali penyewe ni juu mno na pana baridi, mmea huo haukustawi vizuri. Ukame ulizidisha hasara, kiwanda kiliungua mwaka 1923, halafu bei ikaanguka. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, likakatwa viwanja.

Je, waliolilima walikwendaje? Ekari zipatazo 1,000 zilikaliwa na maskwota, wengi wao Wakikuyu, waliolipa kwa kufanya kazi siku kadhaa kila mwaka. Hawakuwa na hati, na sheria ya siku zile haikuwaruhusu kununua ardhi hiyo, ijapokuwa wengine walizaliwa papo hapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Bibi Blixen aeleza kwamba walipoamriwa kuondoka waliomba jambo moja: wahamishwe pamoja, wasitawanywe. Naye alikwenda ofisi baada ya ofisi kuwaombea, mpaka Serikali ikakubali kuwapa sehemu ya Msitu wa Dagoretti.

Jumba limehifadhiwa vyema, bali vibanda vya wale waliochuma kahawa havimo katika makumbusho. Basi mzazi ampelekaye mwanawe huko amwonyeshe vyumba, kisha amsimulie pia habari za maskwota. Na wakirudi nyumbani, atazame kama hati ya shamba lake mwenyewe imeandikwa sawasawa.