Binti Hutazama Kisogo cha Nina

Wahenga wa pwani yetu walinena: mwana hutazama kisogo cha nina. Nina ni mama, na methali hii ni ya zama ambapo mtoto hubebwa mgongoni kwa kanga, kila aendako mama naye yuko, na kilicho mbele ya macho yake ni kisogo cha mzazi wake. Wahenga hawakusema kwamba mwana husikiliza kinywa cha nina. Walisema hutazama. Leo nataka tuizingatie methali hiyo katika jambo ambalo sisi akina mama huliona dogo, nalo ni namna tunavyoichukua miili yetu mbele ya binti zetu.

Hapa Mnarani, juu ya jabali ambapo magofu ya mji wa kale na kaburi lake lenye mnara yangali yamesimama, watu wa makamo yangu wanakumbuka maisha ya kabla ya daraja. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo mama mwenye bidhaa ya kuuza ng'ambo aliteremka hadi majini na kikapu kichwani, akangoja feri, kisha akapanda kilima cha upande wa pili. Nyumbani alitwanga kwa kinu na mchi, na maji aliteka kisimani. Kwingine katika pwani yetu wanawake walitoka maji yakipwa wakaenda kutanda dagaa kwa vitambaa. Hapana aliyeyaita hayo mazoezi. Yalikuwa ni kazi, tena kazi ngumu, wala sisemi tuirudie. Lakini binti aliyekua akiyaona alijua bila ya kuambiwa kwamba mwili wa mwanamke una nguvu. Leo mashine yasaga, mfereji waleta maji, na pikipiki yangoja mlangoni. Tunamshukuru Mola kwa wepesi huo. Ila najiuliza, binti wa leo humwona wapi mama akiutumia mwili wake?

Aghalabu humwona mbele ya kioo, akijilaumu. "Ah, mimi siku hizi nimekuwa pipa." Mama huyo akiitazama picha yake ya ujanani husema, "Hapo ndipo nilipokuwa mtu." Huenda arusini akarudi na habari za nani amenona na nani amekauka kama ufito, na nani ni "mweusi lakini mzuri." Neno hilo "lakini" ni jepesi mdomoni, ila binti mwenye rangi hiyo hiyo amelisikia, na limemkaa. Baadaye twashangaa tukimkuta ameficha mkorogo wa kujichubua chini ya mto, hali ya kuwa baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo ni sumu inayodhuru figo. Ugonjwa huo haukuanzia dukani. Ulianzia kwenye kioo cha nyumbani.

Wako wasemao kwamba kukimbia na kunyoosha viungo si mambo ya mwanamke wa Kiislamu, na msichana akishavunja ungo huambiwa atulie, kana kwamba stara na kukaa kitako ni kitu kimoja. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa habari nyengine. Kila haji huenda baina ya Safa na Marwa mara saba, mwendo wa zaidi ya kilomita 3 kwa jumla. Nyayo anazozifuata ni za nani? Ni za Bibi Hajar, mama aliyehangaika mbio jangwani akimtafutia maji mwanawe Ismaili. Ibada nzima imesimama juu ya miguu ya mama.

Tena iko hadithi ya Bibi Aisha, iliyopokewa na Abu Daud na wengineo. Akiwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie, walishindana mbio na Bibi Aisha akashinda. Siku zikapita, mwili wake ukawa mzito, wakashindana tena na mara hii Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile ya kwanza. Katika mapokezi mengine imeelezwa kwamba Mtume aliwaamuru watu watangulie kwanza, ndipo wakashindana. Stara ilikuwapo, na mbio zilikuwapo. Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba habari za kunenepa kwake tumezipata kwa Bibi Aisha mwenyewe. Aliutaja uzito wake bila ya haya wala majuto, na uzito huo haukumzuia kukimbia. Ni akina mama wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuitaja miili yao hivyo mbele ya binti zao?

Na jirani zetu Wagiriama wanaye wao. Mekatilili wa Menza, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni mama wa Katilili, hakuwa tena kijana mwaka 1913 alipozunguka vijijini akicheza kifudu na kuwaamsha watu wake waukatae utawala wa Waingereza. Walimkamata wakampeleka Kisii. Mwaka 1914 alitoroka, akarudi kwao mwendo wa mamia ya kilomita. Miguu ile ilikuwa ya mwanamke mjane mwenye watoto.

Msomaji asidhani nayazungumza haya kwa kuipamba kalamu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba, kwa hesabu za mwaka 2022, watu wazima 31 katika kila 100 duniani hawaushughulishi mwili kiasi cha kutosha, na wanawake wamewapita wanaume: 34 kwa 29. Upungufu huo hufungua mlango wa kisukari, maradhi ya moyo na shinikizo la damu, nasi twayajua maradhi hayo kwa majina ya mama zetu na shangazi zetu. Kiasi kinachotakiwa si kikubwa: kwa mtu mzima dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, yaani nusu saa kwa siku tano. Mtoto atakiwa dakika 60 kila siku.

Ya kufanyika yapo, na heshima haivunjiki. Kule Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, na baadhi ya waliofundishwa wakawa walimu wa wenzao. Sisi wa Mnarani twaamka na kulala tukiyatazama maji. Mama akichagua saa ya faragha, pamoja na wanawake wenzake, akaingia majini na bintiye chini ya mwalimu anayejua, atakuwa amempa bintiye furaha na salama kwa wakati mmoja, maana maji hayamuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke. Asiyeyataka maji, alfajiri ipo na njia ipo. Na chakacha ipo katika mikusanyiko yetu ya wanawake, ambako bibi mwenye mwili wake mkubwa hucheza mpaka vijana wakamwachia uwanja, na hapana amwambiaye apunguke kwanza.

Mtume alimwambia Abdallah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa ibada, kwamba mwili wake una haki juu yake. Haki hiyo na tuwalipie binti zetu kwa vitendo. Kabla hatujawahimiza kutembea, tutoke nao. Kabla hatujawaambia kwamba ni wazuri, tuache kuitukana, mbele yao, ile sura waliyoirithi kwetu.