Kufunga kisima cha gesi hakuna mgeni rasmi

Mwaka 2016 habari ya kisima cha Mambakofi ilitikisa vichwa vya magazeti. Zaidi ya futi za ujazo trilioni 2 za gesi zilitangazwa kugunduliwa nchi kavu, bonde la Ruvu, mkoani Pwani, ambako kampuni ya Dodsal ilikuwa ikichoronga. Siku ya kufunga kisima, hakuna kamera wala mgeni rasmi. Mimi naona ndiyo siku inayowahusu zaidi watu wa Kibaha na Kisarawe.

Kuchoronga huku si jambo geni. AGIP ya Italia ilichoronga Kisarawe-1 miaka ya 1970, muongo uleule ilipoipata gesi ya Songo Songo. Pwani ina mashimo yenye umri wa kuitwa babu.

Kisima ni mabomba ya chuma yaliyopangwa moja ndani ya jingine, na saruji kuyashikilia. Saruji hupasuka, chuma huliwa na kutu. Songo Songo yalitokea: visima SS-5 na SS-9 vilisimamishwa kwa sababu ya mabomba kulika, hadi vilipokarabatiwa 2015. Gesi ikipata upenyo hupanda, na methani haina harufu. Ile tunayoisikia jikoni imeongezwa makusudi. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha.

Kabla ya kuziba kisima kinachovuja, mafundi humsikiliza mgonjwa kwanza. Wanafungua vali, wanaachia presha, wanafunga, wanasubiri huku macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukipanda tena, gesi bado inaingia. Kwenye maungio hupaka povu la sabuni, kama afanyavyo mama lishe akibadilisha mtungi. Kisha sampuli inapelekwa maabara kuulizwa swali gumu kuliko yote: gesi hii inatoka tabaka lipi? Wakikosea hapo, wataziba ndani ya bomba huku gesi ikipita nje yake. Ndiyo maana mara nyingine chuma hutobolewa au kusagwa kabisa, saruji ishike mwamba wenyewe. Tope zito hutangulia kuizuia gesi, na kila plagi ya saruji hupimwa kabla ya kuwekwa inayofuata.

Haraka haifai, hasa Ruvu. Maji ya Mto Ruvu ndiyo yanayosukumwa na mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, kwenda Dar es Salaam.

Tatizo ni fedha. Sheria ya Petroli ya 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) kusimamia utafutaji na uchimbaji, na kufunga visima kumo ndani ya kazi hiyo. Lakini kisima cha utafiti hakijauza gesi, wala hakijaingiza fedha za kukifunga. Mwenye leseni akiondoka, bili inamtazama mwananchi. Marekani, pamoja na utajiri wake, ilitenga dola bilioni 4.7 mwaka 2021 kwa visima vilivyotelekezwa. Sisi tudai dhamana ya benki kabla mtambo haujafika eneo la kazi.

Na kuna jambo dogo linalosahaulika. Kazi ikiisha, bomba hukatwa chini ya usawa wa ardhi na kufukiwa. Kibaha viwanja vinapimwa na kuuzwa kila kukicha. Mahali pa kila kisima kilichofungwa paandikwe kwenye ramani za ardhi za halmashauri, ili ofisa anayegawa viwanja apaone kabla fundi mwashi hajachimba msingi.