Daktari wa kujitolea akifika makao ya watoto, nani anamuuliza leseni?

Kila mwaka makanisa ya Marekani na Ulaya hutuma timu za kujitolea Afrika Mashariki. Baadhi ni madaktari na wauguzi wazoefu, wengine ni wanafunzi wa chuo. Wanakaa wiki moja au mbili kwenye makao ya watoto, wanapima, wanagawa dawa, wanasali na watoto, kisha wanarudi kwao.

Wengi wana nia njema, na wapo watoto wanaopona kwa sababu yao. Lakini kwenye makao, mgonjwa ni mtoto na mara nyingi mzazi hayupo chumbani kusema "subiri kwanza". Kwa hiyo lazima mtu mwingine aulize kwa niaba yake.

Leseni ya kwao haitoshi?

Haitoshi. Daktari aliyesajiliwa Texas hajasajiliwa Kenya. Kabla ya kutibu anahitaji kibali cha baraza la nchi anayokwenda: KMPDC kwa Kenya, Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, UMDPC kwa Uganda. Visa ya utalii si ruhusa ya kutibu.

Na wanafunzi je? Kipimo ni rahisi: kama kwao hawaruhusiwi kung'oa jino au kushona kidonda bila msimamizi, hata huku wasifanye.

Huruma inaweza kumdhuru mtoto?

Ndiyo. Chukua mfano wa utapiamlo mkali. Mtu asiye na mafunzo akimwona mtoto aliyekonda atataka kumpa chakula kingi haraka, au kumtundikia dripu. Shida ni kwamba moyo wa mtoto huyo umedhoofika na madini mwilini yamevurugika. Chakula au maji mengi kwa mkupuo yanaweza kumuua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unataka aanze na maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akitulia ndipo anaongezewa chakula chenye nguvu zaidi. Dripu huachwa kwa mtoto ambaye mzunguko wa damu umeanza kushindwa.

Nini kilitokea Jinja?

Mwaka 2009 Mmarekani Renee Bach, ambaye hakuwa na mafunzo ya udaktari, alianzisha shirika la Kikristo la Serving His Children mjini Jinja, Uganda. Shirika hilo lilikuja kuendesha kituo cha kulaza watoto wenye utapiamlo. Redio ya NPR ya Marekani iliripoti mwaka 2019 kwamba kati ya watoto 940 waliopokelewa kuanzia 2010 hadi 2015, 105 walifariki.

Mamlaka za wilaya zilikifunga kituo mwaka 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili waliopoteza watoto walifungua kesi. Bach alikanusha kujifanya daktari, na kituo kilikuwa na wahudumu wa Uganda. Mwaka 2020 pande hizo zilikubaliana nje ya mahakama, akina mama wakalipwa fidia bila upande wa pili kukiri kosa.

Ni kweli kwamba watoto wa aina hii hufika wakiwa hoi, na baadhi hufariki hata kwenye hospitali kubwa. Lakini swali la nani anatibu, na kwa leseni gani, lilipaswa kuulizwa mtoto wa kwanza alipolazwa.

Watoto wa makao wote ni yatima?

Hapana. Wengi wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Wamefikishwa pale na umaskini, ugonjwa au kukosa ada. Sasa, kama matibabu ya bure yanapatikana ndani ya geti la makao tu, mama mwenye shida anapata sababu nyingine ya kumwacha mwanawe hapo.

Ndiyo maana Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na sasa sera inasukuma watoto warudi kwenye familia. Timu ikifanya kazi kwenye zahanati ya kata, inawahudumia watoto wa makao na wa majirani pamoja.

Uulize nini kabla ya kuwapokea?

• Kibali kiko wapi? Nakala ifike kabla ya tiketi kukatwa, kisha ihakikiwe na baraza.

• Hospitali gani ya jirani inashirikiana nao? Mtoto akizidiwa saa nane usiku, timu ikiwa imeshapanda ndege, anapelekwa wapi?

• Rekodi zinabaki? Uzito, jina la dawa na dozi viandikwe kwenye kadi ya mtoto.

• Dawa zinaisha muda lini? WHO inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa kutumika zinapofika nchini.

• Nani ametoa idhini ya matibabu? Ni mzazi, mlezi wa kisheria, au afisa wa watoto au ustawi wa jamii?

• Picha zinakwenda wapi? Mtoto mgonjwa asigeuzwe tangazo la kuchangisha pesa.

Wasimamizi wengi wanaogopa kuuliza kwa sababu mgeni ndiye pia mfadhili. Lakini kuomba leseni si kumvunjia mgeni heshima. Daktari wa kweli amezoea kuulizwa na huitoa bila kununa. Akikataa, mpigie afisa wa watoto au baraza la madaktari. Ukiona mtoto anadhurika, piga 116. Ni namba ya bure ya msaada kwa watoto Kenya, Tanzania na Uganda.